Siku nne na Ama: kutoka Quanzhou hadi kisiwa cha Mazu

Siku ya kwanza, Ijumaa

Treni ya mwendokasi kutoka Xiamen hadi Quanzhou, kusini-mashariki mwa China, huchukua nusu saa hivi. Chai niliyonunua stesheni ilikuwa bado haijapoa tukashuka nayo mkononi.

Mwenzangu wa darasani ndiye aliyenialika kwao. Alikuwa na sharti moja tu: nifuatane na bibi yake kila anapokwenda hekaluni, maana yeye mwenyewe amechoka kubebeshwa machenza. Bibi ana miaka 78 na mtaa mzima unamwita Ama, ndivyo Waminnan wa kusini mwa Fujian wanavyomwita bibi. Kichina changu cha miaka miwili cha chuoni kilifia mlangoni kwake. Mimi nasomea mambo ya bandari, najua kusema "gati" na "kreni", sijui kusema "shikamoo" kwa Kiminnan. Mjukuu akawa mkalimani, mvivu kupita wote niliowahi kuwaona. Ama anaongea dakika mbili, yeye ananipa maneno manne.

Kwa kuwa ilikuwa Ijumaa, nikaomba kwanza nipite msikitini. Msikiti wa Qingjing uko Mtaa wa Tumen, umejengwa mwaka 1009, sawa na mwaka 400 Hijria. Karne zilizofuata Quanzhou ikawa moja ya bandari kubwa kabisa duniani na Waarabu waliuita mji huu Zaitun. Ibn Battuta, ambaye alishuka Kilwa mwaka 1331, alikuja kushuka Zaitun miaka ya 1340. Hilo nililiwaza nikiwa nimesimama chini ya lango lile la mawe ya kijivu, kwamba mtu mmoja, kwa viatu vyake, alikanyaga kwetu na hapa. Ukumbi wa zamani wa kusalia hauna paa tena. Kuta na nguzo zimebaki zikitazama mbingu, majani yameota chini, na jamaa husali kwenye ukumbi mwingine pembeni.

Tulipotoka nilimkuta Ama ananisubiri nje ya lango, mfuko wa machenza mkononi. Hatua chache tu kutoka hapo, upande ule ule wa barabara, ndipo lilipo hekalu la Guandi. Kabla sijaliona nililisikia puani. Ni moshi mzito, mtamu kidogo, unaokaa kooni. Siku hiyo ilikuwa tarehe 15 ya mwezi kwa kalenda yao ya kuandama, na siku ya kwanza na ya kumi na tano za kila mwezi ndizo siku zao kuu za kwenda hekaluni. Watu walikuwa wamejaa hadi barabarani: wazee, vijana waliovaa sare za ofisi, mama mmoja ana mtoto mgongoni na helmeti ya pikipiki bado kichwani.

Guandi ni Guan Yu, jemadari aliyekufa mwaka 220. Sanamu yake ina uso mwekundu na ndevu ndefu. Alisifika kwa kutovunja ahadi, na kwa sababu hiyo wafanyabiashara wanampenda: duka lenye sanamu yake ni kama duka lililoandika ukutani kwamba hapa hatudhulumu. Ndani ya hekalu hili anakaa pia Yue Fei, jemadari mwingine wa enzi ya Song (karne ya 10 hadi ya 13), naye anakumbukwa kwa uaminifu.

Nikafanya kosa langu la kwanza kizingitini. Vizingiti vya hekalu ni virefu, vinafika karibu na goti, na mimi nikakikanyaga kama ngazi. Ama akanivuta mkono. Kizingiti kinarukwa, hakikanyagwi. Na haupiti mlango wa katikati, huo ni wa wenyewe wenye nyumba, yaani miungu. Binadamu anaingia kwa mlango wa kulia kwake, upande wa joka, na kutokea kushoto, upande wa chui milia.

Kosa la pili halikuwa langu peke yangu. Mzee mmoja aliyekuwa akigawa moto kwa watu, alipoona nimesimama mikono mitupu, akaniwekea vijiti vitatu vya udi vinavyowaka mkononi. Ukarimu mtupu. Lakini nikabaki nimeganda kama nguzo. Kwetu Makunduchi, Unguja, mgeni akipewa chetezo anapokea, anajifukiza, anampa wa pili. Hapa kupokea kuna maana nyingine, na mimi nimetoka kusali sasa hivi tu, udhu haujakauka. Jivu likaanza kupinda, likaniangukia kwenye kidole. Liliuma kama sisimizi.

Ama akavichukua vile vijiti bila haraka, akavichanganya na vyake. Akamwambia yule mzee maneno fulani, mzee akacheka, akaninyooshea kidole gumba. Nikamwuliza mkalimani wangu amesema nini.

"Amesema: huyu ni wa mlango wa jirani."

Basi nikapata kazi yangu ya siku nne: kubeba machenza na kutazama.

Mwenzangu alikuja kupiga bao kuhusu kazi anayotaka kuomba. Utaratibu si wa kubahatisha kama nilivyodhani. Kwanza unajitambulisha kwa Guandi: jina, tarehe ya kuzaliwa, unapoishi, shida yako. Halafu unatikisa kopo lenye vijiti vya mianzi vilivyoandikwa namba, mpaka kimoja kichomoze na kuanguka. Hapo bado. Lazima uulize kama hicho ndicho kweli ulichopewa, na swali hilo linaulizwa kwa jiaobei, vipande viwili vya mti vilivyochongwa kama mbegu kubwa za korosho, upande mmoja bapa, upande wa pili wa mviringo. Unavishika kwa mikono miwili, unavipandisha usawa wa kifua, unaviachia. Kimoja kikilala bapa juu na kingine mviringo juu, umekubaliwa. Vyote vikionyesha mviringo, hapana. Vyote bapa, basi mungu anacheka: swali lako halieleweki, au jibu unalijua tayari na unamsumbua bure.

Yeye alichekewa mara mbili. Mara ya tatu akakubaliwa, akaenda kuchukua karatasi ya namba yake, ambayo ina shairi la mistari minne. Mashairi hayo ni 100, na yana madaraja: ya juu, ya kati, ya chini. Lake lilikuwa la kati. Mzee mwenye miwani aliyekaa kwenye meza pembeni akalisoma, akamtazama kijana, akamwambia asubiri mpaka majira ya kuchipua. Kijana akanuna njia nzima. Ama akamwambia Guandi hajamkatalia, amemwambia asome kwanza.

Chakula cha usiku: tambi za kuvutwa kwa mkono kwenye kijiduka cha Waislamu wa Kihui, maana vyakula vitamu vya Quanzhou karibu vyote vimepita kwa nguruwe.

Siku ya pili, Jumamosi

Hii ndiyo siku niliyoijia.

Hekalu la Tianhou liko kusini mwa mji wa kale, na mbele yake ng'ambo ya barabara kuna misingi ya mawe ya lango la kale la Deji. Zamani meli zilipandisha bidhaa Mto Jin hadi karibu na hapa. Hekalu lilianzishwa mwaka 1196, na aliyemo ndani ni Mazu, mama wa mabaharia. Juu ya paa, ncha za mgongo zimepinda kama mkia wa mbayuwayu, na madragoni yaliyolala huko juu yamepambwa kwa vipande vya vyombo vya kaure vilivyovunjwa na kubandikwa kimoja kimoja. Nikakumbuka bakuli za Kichina zilizopachikwa kwenye makaburi ya nguzo ya Kunduchi. Kumbe huku nako sahani iliyovunjika haitupwi.

Ama aliamka saa kumi na moja alfajiri kupanga sinia. Machenza, mapera ya Kizungu, yaani tufaha, biskuti za pakiti, keki nyekundu za unga wa mchele zenye umbo la kobe. Tufaha kwa Kichina linaanza na "ping", sauti ile ile ya "ping'an", salama. Chenza nalo linasikika kama neno la bahati. Sadaka zao nyingi ni mchezo wa maneno, nami natoka kwa watu wa vitendawili na methali za kanga, sikuhitaji maelezo mengi.

Alivyosali niliandika kwenye simu hatua kwa hatua, kwa ruhusa yake. Aliweka sinia mezani. Akawasha vijiti kwenye taa ya mafuta na ndimi za moto zilipopanda hakupuliza. Pumzi ya mdomo ni najisi, alivipunga tu hewani mpaka vikazima. Akageuka, akaipa mgongo sanamu. Nilidhani amesahau kitu, kumbe anaanza na Mbingu: unatazama nje, uwanjani, unainua udi mpaka usawa wa paji la uso, unainama mara tatu, unachomeka kwenye chetezo kikubwa cha uwanjani. Ndipo unaingia ndani kwa mwenye nyumba.

Na alichomeka kwa mkono wa kushoto. Hapo nilishtuka kidogo. Kwetu mkono wa kushoto una kazi zake na haupeani kitu na mtu, sembuse na kitu kitukufu. Nikauliza. Ama akanyoosha mkono wa kulia, akaukata hewani kama kisu: huu ndio unaochinja kuku, huu ndio unaopiga watoto. Wa kushoto haujafanya ubaya wowote. Sikuwa na jibu.

Mazu alikuwa mtu. Jina lake Lin Mo, alizaliwa mwaka 960 kwenye kisiwa cha Meizhou, na "Mo" ni kimya, kwa sababu wanasema hakulia alipozaliwa. Hadithi ambayo Ama anaipenda ni hii: Lin Mo alikuwa nyumbani akifuma, ghafla akalala juu ya mtande kama aliyezimia. Baba na kaka zake walikuwa baharini kwenye dhoruba, na roho yake ilikuwa imewaendea, amewashika mikononi, mmoja amemshika kwa meno. Mama yake akaogopa, akamtikisa, akamwita. Binti akaitika. Alipofungua mdomo kuitika, yule wa menoni akazama. Kuna wanaosema alikuwa kaka, kuna wanaosema baba. Ama anasema kaka, na anasema kila mama anayemtikisa mtoto aliyelala aikumbuke hiyo.

Alifariki mwaka 987, hajaolewa. Baada ya hapo mabaharia wakaanza kumwona kwenye dhoruba, na serikali ikaanza kumpandisha vyeo. Si mzaha. Mwaka 1123, baada ya ujumbe wa mfalme kunusurika baharini ukienda Korea, hekalu lake lilipewa ubao wa heshima wa kifalme. Kublai Khan, mfalme Mmongolia wa China, akampa cheo cha Tianfei, mke wa kifalme wa Mbinguni, mwaka 1281. Enzi ya Qing, ya mwisho ya kifalme, akawa Tianhou, Malkia wa Mbinguni. Mungu anapanda daraja kama mtumishi wa serikali, barua ya uteuzi ikiwa na muhuri. Nilicheka, halafu nikafikiri kwamba hiyo ni njia mojawapo ya dola kukiri kuwa bahari haiiwezi.

Pembeni yake wamesimama wasaidizi wawili wenye sura za kutisha. Mmoja, Qianliyan, ameweka kiganja juu ya macho na anaona umbali wa li elfu, kama kilomita 500. Wa pili, Shunfeng'er, ameelekeza kidole sikioni, anasikia sauti zinazoletwa na upepo. Walikuwa mashetani, Mazu akawashinda, akawaajiri. Mimi ninayefundishwa kuhusu rada na redio za kuongozea meli niliwatazama kwa muda mrefu kuliko nilivyomtazama yeye. Mnara wa bandari unahitaji watu wawili, na hao ndio.

Kando yangu alikuwepo mwanamume wa makamo, mikono imekauka kwa chumvi, ndala miguuni. Hakuwa na sinia, ana sigara pakiti moja na chupa ya kinywaji baridi. Alipiga magoti akarusha jiaobei. Tak. Hapana. Akanong'ona kitu, akarusha tena. Hapana. Akakaa kimya, akabadilisha maneno, nikaona midomo ikihesabu. Tak. Ndiyo. Akarusha mara mbili zaidi kuhakikisha, na mara zote ndiyo. Rangi nyekundu ya vile vipande ilikuwa imechubuka kingo zote, mti umeng'aa kwa vidole vya watu. Alipotoka, Ama akaniambia kwamba yule amepatana bei: ameahidi kitu, kikaonekana kidogo, akaongeza.

Kwa Kiswahili hiyo ni nadhiri, na nadhiri ndiyo uti wa mgongo wa hekalu hili. Unaomba, unaahidi, ukipewa unarudi kulipa. Usiporudi ni deni. Tumezoea kusikia kwamba Wachina "wanaabudu sanamu", na mtu akishasema hivyo anaona amemaliza. Nilichokiona ni mazungumzo yenye mikataba: watu wanauliza, wanajibiwa, wanabisha, wanachekewa, wanarudi. Imani yangu hainiruhusu kushiriki na sikushiriki. Lakini natoka Makunduchi, ambako kila Mwaka Kogwa tunachoma kibanda na wazee wanautazama moshi unaelekea wapi. Sina ubavu wa kushangaa moshi wa watu.

Mwishoni Ama alichukua tunda moja, akaacha machache, mengine akarudisha mfukoni. Sadaka inarudi nyumbani kuliwa, na inaaminika ina baraka. Alinipa chenza. Nikasitasita. Akaelewa kabla sijasema, akatoa jingine kutoka kwenye mfuko wa pili ambao haukuwa umepanda mezani. Alikuwa amelitenga tangu alfajiri.

Mchana tulikwenda Xunpu, kijiji cha wavuvi pembezoni mwa mji, ambako wanawake hufunga nywele na kuzizungushia mashada ya maua. Siku hizi watalii wanakodi maua hayo na kupigwa picha, na vichochoro vilikuwa vimeziba kabisa. Sikukaa. Ila kuta! Nyumba za kale zimejengwa kwa makombe ya chaza, safu kwa safu, kama magamba ya samaki. Wenyeji husimulia kwamba makombe hayo si ya hapo, yaliletwa na majahazi kutoka mbali, hata pwani ya Afrika, yakiwa uzito wa kuitulizia meli iliyoshusha mzigo. Nikaligusa moja, kubwa kama kiganja changu. Chaza wetu wa mikokoni ni wadogo kuliko huyo. Lakini mwenyeji alikuwa anasimulia kwa furaha, nami nikaacha Afrika ijisifu.

Siku ya tatu, Jumapili

Miguu imevimba. Ama amepumzika, mimi na mjukuu tumezunguka kwa basi.

Asubuhi mlima Jiuri. Hapa hakuna sanamu inayonihusu, kuna mwamba. Enzi ya Song, maofisa wa mji pamoja na wasimamizi wa biashara ya baharini walikuja kuomba upepo, kisha wakachonga maandishi kwenye jiwe: tarehe, majina ya waliohudhuria, na kwamba wameomba. Yamebaki maandishi 10 ya namna hiyo, ya kati ya mwaka 1174 na 1266. Waliomba misimu miwili: wa meli kuondoka na wa meli kurudi. Novemba upepo wa kaskazini-mashariki ulikuwa unavuma pale juu, unapeperusha kofia. Huo ni kaskazi. Ndio huo huo unaoleta majahazi kwetu, na kusi ndiyo inayoyarudisha. Nilisimama nikihisi nimesoma ubao wa matangazo wa nyumbani.

Hekalu la Kaiyuan, la Kibuddha, lilianzishwa mwaka 686 na ndilo kubwa kuliko yote mjini, lenye minara miwili ya mawe ya karne ya 13. Watu wengi huja Quanzhou kwa ajili yake. Mimi nilipita mbio, nikasimama nyuma ya ukumbi mkuu tu, mbele ya nguzo mbili zilizochongwa miungu ya Kihindu, zilizotolewa kwenye hekalu la Wahindi lililobomoka. Hakuna aliyeona haya kuziweka.

Ndani ya eneo hilo hilo kuna jumba la meli. Ilifukuliwa mwaka 1974 kwenye tope la ghuba ya Quanzhou, meli ya mwisho wa enzi ya Song, mabaki yake yana urefu wa mita 24 hivi. Tumbo lake limegawanywa vyumba 13 kwa kuta za mbao, ili kimoja kikitoboka vingine visijae maji. Mwalimu wetu wa ujenzi wa meli huitaja kila wiki. Lakini kilichonigusa ni shehena: pilipili manga, misandali, ambari, na ubani. Ubani ule ni wa pande zetu za dunia, Arabuni na pembe ya Afrika. Kumbe moshi wa Mtaa wa Tumen na chetezo cha bibi yangu ni ndugu wa tumbo moja. Zilikuwemo pia sarafu za shaba zenye tundu la mraba, na sarafu hizo kwetu si ngeni: mwaka 1945 ziliibuliwa 176 pale Kajengwa, Makunduchi, nyingi zikiwa za enzi ya Song. Nimecheza mpira Kajengwa.

Jioni kilima cha Lingshan, penye makaburi mawili ya Waislamu wa kale. Pembeni kuna jiwe la maandishi la mwaka 1417. Linasema kwamba Zheng He, amiri wa meli za mfalme wa enzi ya Ming, akiwa njiani kwenda Hormuz na nchi nyingine, alikuja hapa kufukiza udi na kuomba ulinzi. Zheng He alizaliwa katika ukoo wa Kiislamu. Safari hiyo ndiyo ya tano, iliyofika hadi pwani ya Afrika Mashariki. Na mtu huyo huyo, mwaka 1431, alisimamisha jiwe jingine kule Changle kumshukuru Mazu, akieleza jinsi mwanga wake ulivyokuwa unatokea juu ya mlingoti wakati wa dhoruba, na kutaja nchi alizofika, Mogadishu ikiwemo.

Nilimwuliza mwenzangu: sasa alikuwa wa dini gani? Akanijibu kwamba alikuwa na meli nyingi na mabaharia maelfu, na kila mmoja ana mama yake. Lilikuwa jibu lake refu kuliko yote kwa siku nne.

Nikasoma Fatiha pale makaburini. Hapo sikuhitaji mtu wa kunishikia udi.

Siku ya nne, Jumatatu

Treni hadi Putian, basi hadi gati la Wenjia, kisha feri. Tulisafiri na kikundi cha akina mama kutoka hekalu fulani la kijijini, na mmoja wao amepakata sanamu ndogo ya Mazu iliyofungwa kitambaa chekundu, kama mtu aliyepakata mjukuu. Ama akanieleza: mahekalu ya Mazu yalizaliwa kwa jivu. Kijiji kikitaka hekalu, kinakwenda hekalu mama, kinachota jivu la udi kwenye chetezo, kinakwenda kuanzisha chake. Ndiyo maana baada ya muda sanamu inarudishwa Meizhou kusalimia, kama mke anayekwenda kwao kuwaona wazazi. Mawimbi yalikuwa makubwa na feri ilikuwa inapiga kichwa. Wale akina mama walizungumza na kile kitambaa: tulia, tumekaribia kwenu.

Hekalu la Meizhou linapanda mlima kwa ngazi nyingi. Mengi yake ni mapya. La zamani lilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, likaanza kujengwa upya mwishoni mwa miaka ya 1970. Ama alikuja hapa wakati ule kukiwa na kifusi tu, na anasema watu walichomeka udi katikati ya mawe. Hakuongeza neno, nami sikuuliza. Kileleni kuna sanamu ya jiwe ya Mazu yenye urefu wa mita 14.35, inatazama mlango wa bahari wa Taiwan. Baadhi ya wanawake wa kisiwa bado wanafunga nywele mtindo wa tanga, fundo limesimama kisogoni kama jahazi linaloondoka.

Ama alimaliza maombi yake, ya wanawe, ya mgongo wake, ya kazi ya mjukuu. Kisha akaniita nisogee, akaniuliza kwetu ni wapi hasa. Nilidhani ni maongezi. Kumbe anataka kuniombea salama ya safari ya kurudi nyumbani Juni, na bila anwani kamili Mazu atampata vipi mtu? Nikasema Afrika. Akatikisa kichwa, Afrika ni kubwa. Tanzania. Bado. Zanzibar. Ni kisiwa? Uso ukamwangaza. Mtaa gani?

"Makunduchi, Ama."

"Ma-kun-du-qi," akasema.

"Chi."

"Qi."

Akapiga magoti. Nilisimama nyuma, mikono kifuani, namwombea yeye kwa njia yangu. Nikasikia katikati ya Kiminnan chake jina la kijiji chetu likipita, na jina langu, limepindwa hadi sikulitambua mara ya kwanza. Akaachia vipande. Tak. Bapa na bapa. Mazu anacheka. Akarudia maelezo, polepole zaidi, na mkono ukionyesha nje, baharini, upande ambao aliamini Makunduchi iko, ambao ulikuwa Taiwan. Tak. Amecheka tena. Wale akina mama wa feri walikuwa wamesimama wakitazama, mmoja akamwambia Ama kitu, wote wakaangua kicheko.

"Wanasema," mwenzangu akaniambia, "umpe jina vizuri."

Nikachuchumaa karibu na Ama, si mbele ya madhabahu, kando, nikamtamkia sikioni silabi moja moja. Akafumba macho. Ma. Ku. Ndu. Chi. Safari hii alilipata sawasawa.

Tak. Kimoja bapa, kimoja mviringo.

Tukashuka ngazi taratibu kwa sababu ya magoti yake. Kwenye feri alikaa dirishani, mfuko wa machenza mapajani, na baada ya muda akageuka akamwambia mjukuu kitu kirefu. Mjukuu akafikiri namna ya kukifupisha.

"Anasema ukifika kwenu salama, una deni. Utume picha ya bahari."

Nikamwuliza ya upande gani.

Akamwuliza Ama. Ama akasema yoyote, ila kusiwe na dhoruba.